Unyoya Mtupu wa Bwana Mabawa

Nimrud, 9 Novemba 2018

Kaka yangu Ghazwan, Baba Tiba,

Baada ya salamu zangu pokea za Mama, ambazo ni nyingi kuliko zangu na zina lawama ndani yake. Amekaa ubavuni pangu, na kila nikimaliza mstari anauliza nimeandika nini. Magoti yanamsumbua tangu baridi ianze. Ulimi hausumbuliwi na kitu. Anasema umwambie mkeo Rim asimwachie Tiba avae nguo nyepesi kwa kuiga watoto wa huko. Binamu yetu Hanin ameolewa Alhamisi iliyopita. Tumefinyanga kubba, yale madonge ya nyama, mpaka vidole vikafa ganzi, na huyo bwana harusi ndiye atakayekuletea barua hii, kwa kuwa anapitia Erbil kurudi kazini kwake Ulaya.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu ipo. Kwenye simu, kaka, kila nikitaja mawe mtandao wako unakatika. Ajabu ya Mungu! Karatasi haina mtandao.

Sasa jambo lenyewe. Unajua wanamgambo wa Daesh walivyoijaza ikulu ya kale ya mfalme mapipa ya baruti wakailipua. Tangu mwaka jana tunakusanya kilichobaki. Kila mmoja wetu amepewa lundo lake: unaokota kipande, unakipangusa kwa brashi laini, unakipa namba, unakipiga picha kila upande, unakilaza kwenye mchanga karibu na jirani yake, ukimpata. Siku nyingine humpati jirani hata mmoja. Ustadh Luay, mkuu wetu, aliniambia, "Sundus, lundo la mlango wa kaskazini ni lako," akaenda zake kunywa chai. Hakujua amenipa nini. Nilifunua turubai nikakutana na mguu wenye kiatu cha kamba ninaoujua tangu utotoni. Ni Bwana Mabawa, Ghazwan, yule yule aliyechongwa kwenye jiwe la ukuta. Ni Bwana Mabawa wa Baba. Nilikaa chini nikalia, halafu nikaona haya mbele ya wenzangu, nikasingizia vumbi.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitupeleka kumsalimia, enzi zile akiwa mlinzi hapa? Alituonyesha ule unyoya mmoja mtupu bawani, katikati ya wenzake wote waliochongwa mistari. "Fundi aliitwa kula," akasema, "akarudi ameshiba, akausahau." Na wewe kila safari ulimuuliza alikula nini.

Habari ya kichwa sina haja ya kukukumbusha, lakini nitaiandika ili iwe imeandikwa. Mwaka 1996 wezi waliondoka na kichwa cha Bwana Mabawa. Baba akawekwa ndani miezi minne, akatoka hana kazi, na kijiji kikampa jina: Baba Kichwa. Mpaka anakufa alisema kichwa kile kilikuwa cha jasi, kilifinyangwa kuziba pengo la zamani yeye akiwa kijana, na maji ya kukorogea alichota yeye. Lakini kwenye kumbukumbu za jiwe hilo paliandikwa "kamili". Watu wakacheka.

Mimi nataka kujua. Kama Baba alisema kweli, basi kichwa chenyewe kilikatwa zamani na kiko mahali. Nimetazama picha za vipande vya Nimrud vilivyotawanyika duniani, na kimoja kimenishika: uso, ndevu na sehemu ya juu ya bawa, picha ya ukungu isiyosomeka. Kimo mjini kwako! Kiko kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa zamani, ambayo siku hizi ni makumbusho. Nenda ukakitazame, kaka. Nitazamie bawa tu. Kuna unyoya mtupu au hakuna?

Mama anasema ule vizuri.

Dadako Sundus


Göteborg, 20 Januari 2019

Mdogo wangu Sundus,

Barua yako imefika salama, na mume wa Hanin amekula kwetu mpaka Rim akaogopa. Mpe Mama salamu zangu. Mwambie Tiba anavaa makoti mengi hata mikono haikunjiki. Rim amepata kazi ya kupika shuleni na anawafundisha watoto wa Kiswidi kula bamia, kazi ngumu kuliko yako. Mimi bado naendesha tramu. Abiria wa hapa hawasemi neno. Ningekuwa nabeba kuku ningesikia kelele kidogo nikajua nina watu. Theluji ni nyingi, na wiki iliyopita niliteleza mlangoni nikaangukia kitu ambacho nisingependa Mama akitajiwe.

Kuhusu ombi lako, sidhani kama nitaweza. Nyumba ile hufungwa majira yote ya baridi. Hata ikifunguliwa, kipande chenyewe kimetundikwa juu, pale ngazi zinapopinda, na taa yake mbovu, mtu haoni unyoya wala ndevu. Tena zamu zangu zimebadilishwa.

Nikuambie jambo kama kaka yako mkubwa. Baba amepumzika. Mama amezoea. Wewe una kazi nzuri na unaheshimika. Anayefukua hachagui atakachokikuta, wewe unalijua hilo kuliko mimi. Muunganishe Bwana Mabawa miguu na mikono, Mungu akubariki, lakini kichwa kiache.

Barua hii usimsomee Mama. Mwambie nimeandika habari za theluji.

Kakako Ghazwan


Nimrud, 3 Machi 2019

Kaka Ghazwan,

Mama nilimsomea theluji. Akasema, "Theluji tu, karatasi mbili?" Mama si mtoto.

Tu wazima. Mvua za mwaka huu zimekuja kwa fujo, mto umejaa, kilima kizima kimeota majani na kondoo wa majirani wanaingia mpaka kwenye trei zetu. Jana mmoja alitafuna lebo ya kipande changu. Nilimkimbiza huku Ustadh Luay akipiga kelele, "Mwache, ameshakisajili!"

Sasa nisikilize. Nimepata shingo. Imevunjika vipande vitatu, na vyote vimekubali kukaa pamoja bila ubishi. Juu ya shingo kuna jasi iliyokauka, nene kama kidole, na ndani ya jasi kuna kipande cha chuma chenye kutu. Kwa hiyo jasi ilikuwepo, Ghazwan. Hilo tu lingenitosha, lakini wenzangu walisema labda ni kiraka kidogo cha ufa, kichwa cha jiwe kilikaa juu yake. Basi nikaomba ruhusa, tukaibandua jasi polepole kwa kisu cha mbao, siku tatu, na chini yake tukakuta jiwe lililokatwa kwa msumeno, bapa na laini, limesawazika mpaka begani na bawani. Msumeno kwanza, jasi baadaye. Mtu hawezi kukata kichwa mwaka 1996 chini ya jasi ya tangu ujana wa Baba.

Bado wapo wanaosema labda mafundi wenyewe walikata, wakakirudisha kichwa kilekile kwa jasi na chuma, kama meno ya kubandika. Ndiyo maana nakihitaji hicho kipande cha huko.

Kuna mwenzetu mmoja hapa aliwahi kuishi mjini kwako. Anasema nyumba ile iko wazi kila Jumamosi, theluji inyeshe isinyeshe. Hilo nimekusamehe, kila mtu ana uvivu wake. Lakini picha niliyoiona mimi haionyeshi ngazi, na mimi sikukuandikia neno lolote kuhusu ngazi. Umejuaje ngazi, kaka? Umejuaje taa?

Nangoja.

Sundus


Göteborg, 14 Aprili 2019

Sundus,

Salamu kwa Mama na kwa wote. Leo sina habari za theluji, imeyeyuka.

Nilikiona miaka saba iliyopita. Shule ya Tiba ilipeleka watoto pale, wakataka wazazi wa kusaidia kuwachunga, na mimi sikuwa na zamu. Napanda ngazi nimemshika mkono mtoto wa watu anayetoka kamasi, nainua macho, namwona Bwana Mabawa. Nilimjua kwa ule unyoya hata kabla sijamtazama usoni. Usoni sikuweza kumtazama. Mwalimu akaniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo.

Nilifikiri kile ambacho wewe pia ungefikiri. Kwamba ni kweli, Baba alikiuza, kimesafiri, na katika miji yote ya dunia mimi nimekimbilia mji huu huu. Sikumchukia, Sundus. Ilikuwa miaka ya vikwazo. Tulikuwa tunakula mkate wa shayiri yenye mchanga, na wewe ulilala na kifua chako siku baada ya siku, dawa hakuna. Halafu ghafla dawa ikapatikana. Hakuna aliyeniambia ilitoka wapi. Niliposimama pale ngazini nikasema moyoni, nimejua ilipotoka. Sasa ningekuambia vipi, kwamba unapumua kwa sababu ya kichwa cha Bwana Mabawa? Na wewe mwenyewe umeyapenda mawe haya mpaka umeyafanya kazi? Nikaona bora nikae nalo. Kila ulipotaja mawe kwenye simu nilikata. Mtandao wetu ni mzuri sana, mdogo wangu.

Barua yako ya msumeno nimeisoma mpaka imechakaa. Jumamosi nikaenda. Nilikaa ngazini saa nzima, watu wananiruka. Nimetazama bawa kama ulivyotaka: unyoya ni mtupu kuanzia chini jiwe lilipokatwa mpaka nchani kabisa. Hauna mstari hata mmoja. Sijui kama hilo linamsaidia Baba au linammaliza. Nimechoka kutojua. Niambie wewe.

Ghazwan


Nimrud, 10 Mei 2019

Ghazwan wewe!

Mpaka nchani? Una hakika? Ramadhani njema, Mama anakusalimu, nitasalimia vizuri baadaye, nisikilize kwanza.

Funga macho. Tumesimama mbele yake, Baba katikati, mimi amenibeba. Unyoya mtupu unaanzia kiunoni unapanda. Uliishia wapi? Usisome mstari unaofuata kabla hujajibu.

Begani. Si ndiyo? Juu ya bega ulikuwa na mistari kama wenzake! Nimetafuta picha moja ya zamani ya mlango ule, na hata kwa ukungu wake inaonekana: chini mtupu, juu umechongwa. Sisi watoto hatukushangaa kwa nini fundi mlafi asahau nusu tu.

Nikamwendea Mama, bila kumwambia kwa nini nauliza. Alikuwa anachambua dengu za futari.

"Mama, ni nani aliyetengeneza kichwa cha jasi?"

"Si usta Yunis, yule fundi wa jasi wa Mosul? Alikula kwa mama mkwe wangu wiki nzima. Mtu wa maringo yule, hata supu aliikosoa."

"Na unyoya?"

Akacheka mpaka dengu zikamwagika. "Alisema hawezi kuacha bawa lina unyoya uchi, watu watasema ni yeye aliyeshindwa. Sehemu yake akaitia mistari. Baba yako akamwambia, usta, umemsahihisha fundi wa mfalme!"

"Mama! Kwa nini hukuyasema haya mwaka ule?"

"Nilisema. Nani anamsikiliza mke wa mtuhumiwa?"

Kwa hiyo vichwa vilikuwa viwili, kaka. Cha jiwe, chenye unyoya mtupu mpaka juu, ndicho unachokiona ngazini. Cha jasi, chenye mistari ya usta Yunis, ndicho walichoiba wale wapumbavu mwaka 1996, na nadhani walikitupa mtoni walipokwangua wakaona unga. Ulichokiona miaka saba iliyopita hakikuwa dhambi ya Baba. Kilikuwa shahidi wake, na wewe ukamkimbia!

Na dawa yangu, ili ulale: Mama aliuza bangili zake za harusi kwa mke wa mfua dhahabu. Hakutaka Baba ajue, ndiyo maana hakuna aliyeambiwa. Aliponiambia alinyoosha mikono kama anaionyesha kwamba haina kitu, kisha akaendelea na dengu.

Tumebaki na kazi moja. Nilikwenda kwa mke wa Shekhe Mizhir, mkuu wa ukoo wetu, na shekhe akanisikia kutoka barazani. Nikamweleza unyoya. Akasema, "Binti Khalaf, unataka nimrudishie mtu heshima yake kwa manyoya?" Wakacheka wote. Hawa hawaelewi mistari na jasi. Wanataka kujua kitu kimoja: kichwa kilifika huko lini? Kama ni kabla Baba hajazaliwa, hawana la kusema. Uliza, kaka. Sasa huna sababu ya kuogopa ngazi.

Sundus


Göteborg, 15 Juni 2019

Mdogo wangu mpendwa,

Idi yenu ilikuwaje? Sisi Rim aliunguza vileja vya tende tukavila hivyo hivyo, vikiwa vya nyumbani hata mkaa ni mtamu. Mbusu Mama mikono yote miwili, hasa mahali bangili zilipokuwa. Nilipofika mstari ule wa barua yako ilibidi nitoke nje.

Nyumba ile inatunzwa na mwanamke mtu mzima anayeitwa Bi Gunvor. Ndiye mjukuu wa mwisho wa yule mfanyabiashara. Nilimwambia kwa Kiswidi changu cha tramuni kwamba baba yangu alikuwa mlinzi wa mwili wa huyu bwana, na hiki ndicho kichwa chake. Nadhani mwanzoni alitafuta mlango kwa macho. Nikamwonyesha picha zako za shingo. Akavaa miwani. Akatazama, akatazama tena, akasema, "Njoo jikoni."

Amenipa kahawa nyepesi ya huku, Mungu amsamehe. Nikamuuliza kilifika lini. Hajui mwaka. Nilivunjika moyo, na nadhani alinionea huruma, maana alikaa akisugua meza kwa kidole, halafu akasema, "Subiri. Bibi yangu aliolewa humu humu." Akapanda juu, akashuka na picha ya kwenye fremu.

Bibi harusi amesimama ngazini na shela lake, uso umekunjamana kama amebanwa na viatu. Nyuma ya bega lake la kushoto, hewani, yuko Bwana Mabawa. Ndevu zote, bawa, na ule unyoya mtupu kama jino lililong'oka. Chini mpiga picha ameandika mwaka: 1902.

Baba alizaliwa 1951, Sundus. Babu mwenyewe alikuwa hajazaliwa.

Bi Gunvor aliponiona nalia akaongeza kahawa, nikainywa. Amekwenda yeye mwenyewe kutengenezewa nakala kubwa, nimeikunja humu ndani kwa uangalifu. Kwa mara ya kwanza nilimtazama Bwana Mabawa usoni. Hafanani na yule tuliyemjua. Usta Yunis alimfanya wa kwetu awe mzuri zaidi.

Mfikishie Mama. Mengine mtaamua ninyi.

Kakako Ghazwan


Nimrud, 12 Julai 2019

Kaka yangu,

Wote wazima, joto linatuua, umeme saa mbili kwa siku, na nimeikunjua picha mbele ya Mama mchana kweupe. Aliitazama muda mrefu. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba bibi harusi yule hana furaha. Cha pili alisema, "Niletee abaya yangu mpya."

Nilidhani anakwenda makaburini kumwambia Baba. Akashika njia ya diwani, ukumbi wa wanaume wa Shekhe Mizhir. Unajua Baba hakukanyaga mle tangu 1996. Alikuwa akipita mbali hata akienda msikitini. Nikamwambia Mama, leo ni Ijumaa, wanaume wamejaa baada ya swala. Akasema, "Ndiyo maana."

Mama akaingia, mimi nikabaki mlangoni. Shekhe akasogea mwenyewe, akampisha Mama mahali pa heshima karibu yake, kwa umri wa Mama asingeweza kufanya vingine. Kijana wa kahawa akamimina, akampa. Mama akakipokea kikombe, akakiweka chini kwenye zulia mbele yake, hakukigusa tena. Ghazwan, niliposimama mlangoni nilisikia watu wakivuta pumzi. Hata wenye visasi vya damu huogopa kikombe hicho. Shekhe asingeweza kunywa, wala mtu yeyote mle ndani asingeweza kunywa, mpaka haja ya mgeni itimizwe.

"Kunywa kahawa yako, mama Ghazwan," shekhe akasema taratibu. "Haja yako ni nini?"

Mama akaniita niingie na picha. Nikaipitisha mkono kwa mkono. Mzee Dahham, yule yule aliyetunga jina la Baba Kichwa, aliishika akaisogeza karibu na jicho lake zima, akauliza, "Mwaka gani huu?" Mwanawe akamsomea. Akauliza tena. Akasomewa tena. Akampa jirani yake, na hakumtazama mtu.

Shekhe akasema, "Tutachangishana, tutachinja, tutamsomea Khalaf hitima kubwa."

"Sitaki nyama," Mama akasema. "Sitaki samahani pia, atakayepokea hayupo. Nataka usimame umtaje jina lake na kazi yake."

Kahawa ilikuwa inapoa zuliani na kila mtu anaiona. Nilidhani shekhe atatafuta maneno ya kuzunguka. Lakini alijisukuma kwa fimbo akasimama, na alipokwisha simama ikabidi wote wasimame, mpaka mzee Dahham, ambaye alisaidiwa.

"Khalaf bin Hamad," shekhe akasema kwa sauti, "mlinzi wa Nimrud. Alilinda, na hakuiba. Anayemwita jina jingine kuanzia leo, ananiita mimi."

Wakasema amina. Nilitamani ungekuwepo, nilitamani hata Bi Gunvor angekuwepo na kahawa yake nyepesi.

Mama aliinama akachukua kikombe. Alionja kidogo, akakunja uso, akamrudishia kijana.

"Imepoa," akasema. "Nimiminie nyingine ya moto. Na mimina ya mume wangu pia, nitamnywea mimi."

Akavinywa vyote viwili, polepole, na hakuna mwanaume aliyekaa mpaka alipomaliza.

Dadako akupendaye,
Sundus binti Khalaf